Nguvu Themanini na Tano, Kasi Sita

Jumatatu, 3 Machi

Samahani, daftari. Miezi kumi na moja! Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa na tumbo la Otto, nalalamika kiungulia. Otto sasa ana meno mawili na la tatu liko njiani, na usingizi wangu wote umepitia hapo. Nilikuwa nakuona kila siku juu ya friji, chini ya mchoro wa Ivy wa farasi mwenye miguu sita, nikaona haya, nikapita. Dada Lempi alikununua mjini Green Bay akaniambia niandike kila siku nisije nikapata wazimu. Sikuandika. Wazimu nimeupata, ila kidogo.

Leo nina sababu. Nina mpango!

Kila siku natoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kufua mashuka ya hoteli ya barabara kuu. Mume wangu Wade yuko na lori lake la magogo, harudi mpaka Jumamosi. Watoto nawaacha na baba mkwe, mzee Reino. Ameniambia leo Ivy aliamka, akavaa buti moja, akakaa dirishani kuningoja. Alikaa hivyo mpaka uji ukapoa. Miaka minne tu huyu mtoto. Nilikwenda kulia kidogo bafuni, kisha nikanawa, kisha nikafikiri.

Jumamosi zimamoto wa kujitolea wana kifungua kinywa chao cha chapati za maji. Mwaka huu mkuu wao, Chifu Arvid Stolpe, atampa kila mmoja kikombe cha chuma cha pua chenye jina lake. Watu ishirini na wawili. Atakayetia hayo majina vizuri atapewa kazi ya kutia majina vibati vyote vya zimamoto, vya helmeti, vya mipira ya maji, mwaka mzima, kwa saa anazotaka mwenyewe. Kazi hiyo nikiipata, naacha mashuka. Ivy akiamka atanikuta jikoni. Sitaki kingine duniani.

Tatizo moja: Darla Pelkonen. Darla ana mashine yake mwenyewe ya leza gerejini, ya kuchoma maandishi kwa mwanga, ana aproni yenye jina lake, na ana nywele ambazo hata upepo wa ziwani hauzigusi. Jana baada ya ibada nilimsikia Chifu akisema atampigia Darla. Nikaruka katikati na Otto begani. Nikamwambia mimi natia alama kwenye chuma miaka na miaka. Akanipa vikombe palepale, ishirini na vitatu, kimoja cha akiba.

Miaka na miaka! Nimetumia leza ya maktaba mara mbili. Mara ya kwanza kwenye ubao. Mara ya pili kwenye ubao mwingine, kwa sababu wa kwanza uliwaka.

Jumanne, 4 Machi

Maktaba. Zamu yangu ya mashine, saa mbili nzima. Ivy chini ya meza na rangi zake, Otto mgongoni.

Kumbe leza ile inachoma mbao, lakini chuma kitupu inakiangalia tu. Mwanga unateleza. Lazima kwanza upake dawa, kitu cha kijivu kama uji wa majivu, utando mwembamba, uache ukauke kabisa. Leza ikipita inaichoma dawa, inang'ang'ania chuma. Unaosha iliyobaki, na jina linabaki jeusi maisha yote. Ndivyo inavyosema karatasi ya kopo. Inasema pia kila mashine ina nguvu yake na kasi yake, kwa hiyo uchore kwanza jedwali la majaribio kwenye chuma cha kutupa: miraba midogo midogo, kila mmoja na nguvu yake na kasi yake, uone upi unabaki ukioshwa.

Bi Corinne, mwenye chumba cha mashine, aliniambia vilevile. Nikamshukuru sana. Lakini kopo langu lina theluthi tu, na dawa yenyewe bei yake inatia kizunguzungu. Nani atapoteza dawa kuchora miraba? Nikaanza moja kwa moja na kikombe cha Chifu. Nguvu hamsini, kasi mia nne. Nilizipenda kwa sababu zinaishia na sifuri.

Uzuri wake! ARVID STOLPE, herufi nyeusi tii. Nikakipeleka kwenye bomba kama bibi harusi. Maji yakapita, na ARVID STOLPE akaondoka nayo, jina zima, taratibu, bila ugomvi. Kikombe kikabaki kama kimetoka dukani.

Bi Corinne akauliza kama nilichora jedwali. Nikamwambia hilo ndilo lilikuwa jedwali.

Akauliza, la mraba mmoja?

Nikasema ndiyo, ila mkubwa.

Jumatano, 5 Machi

Ugunduzi! Bwana mmoja wa Ohio ameandika kwenye mtandao kwamba badala ya dawa anapaka haradali. Haradali ya kawaida, ya kulia soseji. Ninayo chupa nzima! Nitafanyia majaribio haradali, dawa niitunze kwa siku yenyewe. Niliona nimemzidi Darla akili.

Kikwazo: ukutani kwenye chumba cha leza pana tangazo, chakula marufuku. Nikaihamishia haradali kwenye kikopo kitupu cha mafuta ya nepi ya Otto. Bi Corinne akanipita, akaniona nakipaka kikombe mafuta ya nepi kwa brashi. Alisimama kidogo tu, akaendelea na njia yake.

Nilichosahau ni harufu. Leza ilipoanza, maktaba nzima ikanuka kama uwanja wa mpira siku ya fainali. Mzee Eino aliyekuwa anasoma gazeti alikuja mlangoni kuuliza soseji zinauzwa wapi. Nyuma yake akina mama wawili na mwalimu wa piano. Mzee Eino akasema kama hakuna mikate yeye hana shida, atakula hivyohivyo. Ivy akawaambia wote, kwa sauti ya kuimba kanisani, kwamba Mama anapika kikombe.

Mwisho akaja Bi Corinne. Akanisomea lile tangazo kwa kidole, neno kwa neno, kama ninavyomsomea Ivy. Nimefungiwa mashine mpaka kesho.

Matokeo: kwenye kikombe cha akiba limebaki jina la rangi ya chai iliyomwagika. Ukilisugua linakuwa chai iliyofutwa.

Na jioni, kwa uchovu, nusura nimpake Otto haradali. Harufu ndiyo iliyomwokoa.

Ivy ameniuliza kitandani kama kesho atanikuta. Nimemwambia bado, mama. Kesho bado. Akasema basi atavaa buti zote mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefanya upelelezi.

Kwenye ukuta wa maktaba kimetundikwa kibao cha chuma alichotengeneza Darla, picha ya mnara wa taa wa bandarini, nyeusi, safi, unahesabu mpaka matofali. Watu wa aina ya Darla huandika namba zao za mashine nyuma. Nikajua tu! Nikapiga goti karibu nacho kama namfunga Ivy kamba za buti, nikakigeuza kwa kidole. Penseli: nguvu 85, kasi 6.

Ivy akasema, kwa sauti ileile ya kanisani, Mama, buti langu halina kamba.

Darla alikuwa nyuma yangu. Alhamisi huwa anafundisha kufuma katika chumba cha pili. Akasema, "Shoga, ukitaka kuuliza si uniulize tu? Mimi siumi." Nikamwambia nilikuwa naangalia fremu. Akasema haina fremu. Nikasema ndiyo maana nikashangaa.

Nikaingia kwenye mashine. Nguvu 85, kasi 6. Kikombe cha akiba, upande mwingine, dawa halisi mara hii. Herufi moja tu ya majaribio, A, kubwa kuliko za majina.

Leza ikaanza kutambaa. Kutambaa hasa! Konokono angeipita akasimama mbele kuingojea. Dakika kumi, bado mguu mmoja wa A. Nikajiambia ndivyo kazi safi inavyofanywa, Darla ana subira, nami nitakuwa na subira. Otto akalala, akaamka, akala ndizi nje mlangoni kwa babu yake Reino, aliyetufuata, akalala tena. Dakika thelathini na tano. A ikaisha. Kuizunguka, chuma kimekuwa cha bluu na zambarau kama jicho lililopigwa ngumi, na dawa yenyewe imepasuka kama tope la kiangazi.

Bi Corinne akaja akatazama namba. Akauliza nimezitoa wapi. Nikasema kichwani. Akasema kichwa hicho kinafanana na cha Darla, ila mashine ya Darla inahesabu kasi kwa inchi na ya maktaba inahesabu kwa milimita. Sita yake ni kama mia na hamsini yetu. Kisha akaenda zake kupanga vitabu, bila hata kucheka, na hilo ndilo liliniuma.

85 na 150. Herufi nyingine, B. Dakika moja na nusu. Nikaosha. Imebaki! Nikaisugua kwa kucha. Imebaki! Nikaisugua kwa sufi ya chuma, ile ya masufuria, mpaka mkono ukachoka. B imekaa pale kama imezaliwa nayo.

Nikamwinua Ivy nikazunguka naye. Nikamwambia kesho, mama! Kesho majina yote!

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nikiwa na miguu kwenye beseni la maji ya moto. Nitaeleza.

Nimetoka kazini saa sita mchana. Zamu ya mashine saa tisa hadi kumi na moja. Vikombe ishirini na viwili nimevipaka vyema, utando mwembamba, dawa ikaisha kopo mpaka chini. Sasa vikauke. Lakini jikoni kuna nepi zimeanikwa kila mahali, madirisha yanatoka jasho, na theluji nje. Karatasi inasema dawa mbichi haishiki. Nikajaribu kikausha nywele: kikombe kimoja, dakika kumi na tano. Nikapiga hesabu nikaogopa.

Ndipo nikaona sauna ya baba mkwe. Ipo palepale uani! Kibanda cha mbao cha kuogea kwa jasho, joto la digrii themanini, kavu kama kiangazi. Mtu wa huku anayo sauna kabla hajawa na kitanda. Na leo ni Ijumaa; Reino na wenzake wa zimamoto huingia Jumamosi. Nikawasha jiko, nikavipanga vikombe kwenye benchi la juu kama watoto wa shule, nikafunga mlango. Nilijipongeza kwa sauti.

Sikufikiria moshi.

Reino aliuona moshi wa sauna yake kutoka barabarani. Miaka mitano niko kwenye ukoo huu na sijawahi kuwasha sauna hata siku moja. Anasema machozi yalimlengalenga. Alidhani mkamwana wake amemwandalia. Na sauna iliyopata moto huku haiachwi ipoe bure, ni kama kumwaga maziwa. Akawapigia wenzake. Wakaja watano, wakapitia nyuma, taulo viunoni. Wa kwanza kuingia Chifu Arvid Stolpe.

Mle ndani giza, kidirisha kimeganda barafu. Wakakaa walipokaa. Reino akachota maji akayarusha kwenye mawe ya moto juu ya jiko, mvuke upande. Mara tatu, kwa furaha.

Mimi jikoni nikaisikia ile tsssss.

Nimekimbia na Otto kwapani, soksi tu miguuni, theluji mpaka kwenye vigimbi. Nikagonga mlango kwa ngumi. Reino akajibu kwa furaha, "Karibu, mkamwana! Ila fumba macho!"

Nikapiga kelele watoke wote. Wakadhani moto. Zimamoto hao! Wakatoka mbio kwenye theluji wanafuka mvuke, na kila mmoja ana mistari ya kijivu, mgongoni, mabegani, na pale walipokalia benchi sitasema. Mzee Eino alikuwa na duara kamili la kikombe kwenye paja. Chifu amesimama na taulo lake, kifua kijivu, ameshika kikombe kinachochuruzika.

Akauliza, "Brenna, hiki ni nini?"

Nikasema, "Ni chako."

Hapo nikapewa somo. Dakika kumi, yeye peku kwenye theluji, mimi na soksi. Kwamba dawa ile ina spiriti. Kwamba mvuke wa spiriti na jiko la kuni ndani ya chumba kilichofungwa ni namna ya kuwapa zimamoto kazi. Kwamba nina bahati spiriti ilikuwa imeshapotelea hewani kabla hawajaingia. Kwamba mtu aliyefanya kazi hii miaka na miaka angejua. Nikamwambia ukweli, kwamba miaka yenyewe ilianza Jumanne. Akasema baridi imemfika, akarudi sauna. Wote wakarudi.

Vikombe vimechuruzika. Dawa imebaki madoa madoa na michirizi, na kopo tupu. Saa nane na nusu Darla akapiga simu, habari zilishamfika, huku habari haivai viatu. Akasema, "Nina kopo zima hapa. Njoo ulichukue, tumalize majina pamoja." Nikamwambia ahsante, mambo yote yako sawa.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mdomo ulisema wenyewe.

Nikavipeleka maktaba vilevile na madoa yake. 85 na 150, vyote ishirini na viwili. Bi Corinne akakunja mikono ya sweta akaviosha pamoja nami. Palipokuwa na dawa herufi imebaki. Palipochuruzika, hakuna. Kwa hiyo nina kikombe cha VID STO. Nina cha EIN na nusu ya O. Nina kimoja chenye kistari tu, na hatujui ni cha nani.

Ivy nimemlaza mapema. Hakuuliza habari ya kesho. Ingekuwa afadhali angeuliza.

Jumamosi, 8 Machi

Hotelini nimepewa ruhusa mpaka Jumatatu, lakini kwenye kifungua kinywa nilitaka nisiende. Wade amerudi alfajiri, akasikiliza yote, akacheka mpaka akaketi sakafuni, kisha akasema vikombe ni vya watu, vipelekwe. Kweli. Nimewavalisha watoto nikaenda. Nilisema nitatia majina, basi nitasimama nayo.

Ukumbi umejaa. Chapati za maji, sharubati ya mepo, ule utomvu mtamu wa mti, na mkate mtamu uitwao nisu unanukia iliki. Nilipoingia, vicheko. Wale watano walikuwa wameshasimulia, na Mzee Eino alikuwa anapandisha suruali kuwaonyesha watu duara lake, halijatoka hata kwa sabuni. Mkewe akamwambia, "Shusha hiyo, mzee, watu wanakula!"

Nikaviweka mezani. Nikasema samahani, nikaeleza kwa kifupi, nikaketi. Wakaanza kuvigombania. Wakaitana kwa nusu majina yao: "We Ein, nipitishie siagi!" "Sto! Sto! Chapati zimeungua!" Kile chenye kistari walikipigia kura, akapewa Toby Lahti kwa kuwa haongei.

Ni Chifu tu ambaye hakucheka. Alikwenda jikoni akarudi na sufi ya chuma. Akaketi akakisugua kikombe chake mbele ya watu wote, VID STO, huku na huku, mpaka watu wakaweka uma chini. Akakiinua kwenye mwanga. Hakuna hata doa la herufi lililotoka.

Akasema zilizopo zipo. Akasema kibati cha helmeti kinapita kwenye moto, kwenye maji, kwenye chumvi ya barabarani, na yeye anataka herufi kama hizo. Akasema pia hajawahi kuletewa kazi mbovu na mtu aliyekiri mbele ya ukumbi kabla hajaulizwa. Kazi ya mwaka ni yangu! Ya kwanza ni vibati sitini, nina wiki tatu. Masharti mawili: nichore jedwali la majaribio kwanza, na vikaukie kwenye meza ya kituo chake, anaviona kwa macho yake.

Nikasema bila shaka.

Darla akanikumbatia. Akasema alipoanza yeye alichoma mkia wa paka wa mama yake, na mlango wake uko wazi, niulize chochote. Nikamshukuru kwa moyo wote. Sikuuliza kitu.

Jumapili, 9 Machi

Ivy ameamka saa kumi na mbili, akanikuta jikoni nakoroga uji. Akanitazama sana. Akauliza nimefukuzwa kazi? Nikamwambia hapana, mama, nimeacha. Wiki mbili tu za kumalizia, halafu kila asubuhi nitakuwa hapahapa. Akauliza, na uji? Nikasema na uji. Akasema basi, akarudi kulala! Nikabaki na mwiko mkononi nacheka peke yangu.

Sasa kazi. Chifu amesema wiki tatu. Nitamshangaza, nitamaliza kwa siku nne. Jedwali silihitaji, namba si ninazo? 85 na 150. Vibati ni vya shaba, si chuma cha pua, lakini chuma ni chuma. Na meza ya kituo ni mbali, na baridi, dawa itachukua siku nzima kukauka.

Nimefikiria vizuri mara hii. Nyuma ya sauna Reino ana kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi. Kikavu, kirefu, kina misumari tayari darini. Moto mdogo tu chini. Na hakuna mtu duniani anayerusha maji kwenye kibanda cha samaki! Chifu alikataza sauna. Kibanda cha samaki hakukitaja kabisa, nimeyarudia maneno yake yote kichwani.

Namwandikia Dada Lempi anitumie kutoka Green Bay kabla ya Jumatano. Naorodhesha hapa kwanza nisisahau:

Dawa ya kutia alama, makopo mawili, ya kupaka kwa brashi, si ya kupuliza. Spiriti ya kusafishia, chupa moja kubwa. Brashi laini tatu. Sufi ya chuma, pakiti moja. Miwani ya kukinga macho ya mtoto wa miaka minne. Ivy amesema ya zambarau, ya rangi nyingine hatavaa. Kulabu ndogo za waya, sitini. Magunia mawili ya kuziba nyufa za kibanda, moshi usionekane barabarani. Kufuli moja, ufunguo mmoja tu. Na kibao cha kutundika mlangoni, maandishi makubwa yasomeke hata na mzee asiye na miwani: SI SAMAKI.